Mgeni wa Meza ya Vipande

Sogeeni, sogeeni zaidi, goti liguse goti. Wewe mwenye simu, ilaze kifudifudi. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana habari hii haipendi kukatwa katikati, na mimi nikishaanza sirudi nyuma kuokota kilichodondoka. Kimya? Bado nasikia bangili. Haya, sasa kimya.

Alikuwapo mwanamke wa Tanga, jina lake Tabia, akikaa Malvern, Johannesburg, na mumewe Salum. Mwaka ni elfu mbili na kumi na saba. Salum alikuwa na duka Soweto, spaza kama wanavyoita wenyewe, anatoka alfajiri na kurudi magharibi. Tabia alikaanga maandazi akiwauzia mafundi magari wa Jules Street. Mikono ilikuwa na kazi. Moyo ndio uliokaa bure. Mji ule mtu anaweza kuishi miaka sita ukuta kwa ukuta na jirani, akamjua kwa kikohozi tu. Kila mlango una nondo, kila nondo ina kufuli, na nyuma ya kufuli kuna mtu anatazama televisheni asiyoielewa.

Siku moja katika duka la mitumba alikuta boksi. Ndani mna picha iliyobandikwa kwenye ubao mwembamba, ikakatwakatwa vipande elfu moja, kila kimoja na pua yake na tundu lake, mtu anaviunganisha mpaka picha irudi. Pazo, wanaiita. Akaipeleka kwa Thérèse, msusi wa Bukavu aliyepanga fremu ya mbele katika nyumba ya jirani, Jumatatu saluni imefungwa. Wakakaa tangu adhuhuri. Kufika magharibi walikuwa wameambiana mambo ambayo kwa miaka minne ya ujirani hawakuwahi kuyagusa: mimba alizopoteza Tabia, kaka wa Thérèse aliyebaki njiani wakikimbia.

"Unaona, Ma Tabia?" Thérèse akasema. "Mikono ikipata kazi, kinywa inafunguka yenyewe."

Hapo ndipo biashara ilipozaliwa. Nyuma ya saluni palikuwa na ukumbi mtupu, na ndani ya ukumbi meza kubwa nyeusi, na kichwani mwa meza kiti kimoja cha mikono. Mwenye nyumba alisema alivikuta alipoinunua. Meza haipiti mlangoni, na kiti hakuna aliyekitaka. Wanawake wale wakaipangusa, wakanunua viti kumi na viwili vya plastiki, wakabandika karatasi dirishani: kila Jumamosi alasiri, njoo ukae na watu, tuunganishe picha, chai na maandazi ndani ya kiingilio.

Tabia alikuwa na utaratibu wake. Ijumaa baada ya swala alipanga kingo peke yake, ule ukingo wa picha kuzunguka pande nne, ili wageni wakifika wakute ua umeshajengwa, wao wajaze nyumba. Jumamosi ya nne alifungua mlango akakuta kingo zake salama, na katikati ya ule uwazi kipande kimoja, kimelala peke yake, uso juu.

"Wewe ulikiangusha jana," Thérèse akasema.

"Labda."

Wakakiacha. Wageni wakaja, wakajaza kutoka pembeni wakielekea ndani, na jua lilipoanza kuzama vipande vikamfikia yule mpweke wa katikati. Aliingia bila kusogezwa hata unywele. Alikuwa amelala pale pale panapompasa, amegeukia upande ule ule, saa nyingi kabla hajapata jirani. Jeannine, mshonaji mmoja wa Lubumbashi mwenye mdomo, akapiga makofi. "Eish! Hii meza ina akili kunipita!" Wakacheka wote. Tabia naye alicheka, ila malaika ya mikono yake yalisimama.

Jumamosi iliyofuata vilikuwa vitatu. Kisha ikaanza sauti. Thérèse akiwa mbele anasuka, ukumbi umefungwa kwa ufunguo, anasikia: *tek*. Kimya. *Tek*. Kama kipande kinavyobonyezwa na dole gumba kikakubali. Na harufu ya nywele zilizoungua kwa pasi. Hiyo waliilaumu saluni, mpaka Jumapili moja Tabia alipopita, saluni imefungwa tangu jana, na harufu ikamkuta mlangoni mbichi, kama kichwa kiko motoni sasa hivi.

Lakini kilichomnyima Tabia usingizi kwanza hakikuwa hicho. Ni kwamba wageni hawakai. Wanafika, wanakula maandazi, picha ikifika nusu mmoja anakumbuka mtoto, mwingine anakumbuka teksi, wanaondoka. Na aliyeacha kitu nusu huona haya kurudi. Viti kumi na viwili vikawa saba, vikawa vitano. Mwenye nyumba akaanza kuuliza kama ukumbi bado wanauhitaji. Tabia alijiona karudi kule kule, yeye na karai la mafuta.

Sasa sikilizeni kosa lake. Bibi yake kule Pangani alimfundisha kwamba ukiingia mahali ukakuta mwenyewe, humpigii kelele. Unampa heshima, unakaa naye. Ijumaa ile, kingo zimekwisha, Tabia akafukiza udi, akaweka kisahani cha halua na kikombe cha marashi mbele ya kile kiti cha mikono. Akasema kwa sauti ya chini, "Ewe mwenye meza, sisi tumekuja tukakukuta. Kiti chako hiki, halua yako hii. Kaa nasi." Bibi angeishia hapo. Tabia aliongeza, "Na wageni wangu wafanye wakae."

Tabia hakumwambia Thérèse. Thérèse ni mtu wa kanisa, angesema ni shetani, ugomvi uanzie hapo. Bora kunyamaza.

Jumamosi ile hakuondoka mtu. Iliyofuata viti vikajaa. Wakaja mpaka vijana wa ofisini kutoka Midrand, wenye kadi shingoni. Watu wanakaa, wanainama, na wakianza hawainuki mpaka kipande cha mwisho. Tabia alifurahi, nani asingefurahi? Ila akaona mazungumzo yamepungua. Chai inapoa mbele ya watu. Mzee Bakiri, ambaye tangu aingie mji ule hajapitwa na magharibi, adhana ililia kwenye simu yake mfukoni mpaka ikaisha, na yeye hakuinua uso. Kijana mmoja wa Midrand alijikojolea kitini, na mikono yake haikusimama. Jeannine aliacha maharage jikoni. Majirani walivunja mlango kuzima moto.

"Ulisahau?" Tabia akamwuliza.

Jeannine safari hii hakuwa na mzaha. "Nilikumbuka, mama. Nilikumbuka tangu saa kumi. Miguu ndiyo haikukumbuka."

Tabia aliyameza maneno yale akakaa nayo. Thérèse naye aliyasikia, na Jumatano, Tabia akiwa Soweto dukani kwa mumewe, alimleta mchungaji wake. Wakapaka mafuta pembe nne za meza. Wakamwaga chumvi juu ya kiti cha mikono, na mchungaji akapiga kelele mpaka sauti ikakwama: "Toka! Toka! Hapa huna nafasi!" Thérèse akafagia, akafunga, akanyamaza. Alisema moyoni, nikimwambia Ma Tabia, ataona nimeidharau dini yake.

Mnaona, wanangu? Adabu mbili, kila moja njema ikiwa peke yake. Yule aliyekuwamo alikaribishwa Ijumaa kwa halua, akafukuzwa Jumatano kwa chumvi, katika nyumba ile ile.

Jumamosi ilikuwa ya mvua ya mawe. Mabati yalipigwa kama ngoma. Salum, aliyefunga duka mapema, akapitia kumchukua mkewe, koti linachuruzika. "Ukumbi umejaa, mke wangu! Leo hata mume wa mwenyeji hana pa kukaa?" Akatazama huku na huku. Viti kumi na viwili vyote vina watu. Akavuta kile cha mikono.

Tabia alifungua kinywa. Ili aseme "si hicho," ilimpasa aseme kwa nini, na Thérèse alikuwa amesimama pale pale na birika. Thérèse naye alikuwa amefungua kinywa. Wakatazamana, kila mmoja akimwonea haya mwenzake, na Salum akaketi.

"Dakika mbili tu," akasema. "Nimalize kona hii."

Picha ikaisha na mvua ikaisha. Watu wakainuka wakijinyoosha migongo, wakaaga. Salum hakuinuka. Alipitisha kiganja juu ya picha taratibu, kama mtu anayefuta vumbi, vipande vyote elfu vikaachana. Akaanza upya.

"Salum. Twende."

*Tek.*

"Baba, watu wamekwisha ondoka."

*Tek. Tek.*

Walimshika mabegani, alikuwa baridi kama sakafu. Waliita mafundi wa barabarani, wanaume wanne wanaobeba injini kwa mikono, wakamvuta mpaka meza ikalia na koti likapasuka mgongoni, na yeye hakusogea. Mmoja wao alijitazama viganja, akatoka bila kuaga. Tabia alimlisha uji kwa kijiko. Alimeza, macho chini. Jumapili alimaliza picha mara tano. Jumatatu vidole vikaanza kuacha unyevu mwekundu kwenye vipande, na mchana wa siku hiyo, jua linawaka dirishani, akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake, sauti ya mzee mstaarabu, ya taratibu, ya mtu aliyezoea kusubiriwa:

"Nimeketi nilipoketishwa. Kisha nikamwagiwa chumvi. Nyumba hii ina wenyewe wangapi?"

Birika likamponyoka Thérèse.

Tabia alimwendea Burhani, Mzanzibari anayeuza mapazia, mwembamba, mwenye pumu, ambaye watu wa pwani wakishikwa na pepo humwendea bila kutangaza. Alikuja Jumanne saa nne asubuhi na mfuko wa machungwa, kama anayezuru mgonjwa. Akamtazama Salum kwa muda. Akanusa. Hakufungua kitabu.

"Nani alimwambia akae?" akauliza. "Na nani alimwambia atoke?"

"Mimi nilimpa halua," Tabia akasema, akiangalia miguu yake. "Nikamwomba awakalishe wageni."

Thérèse akageuka. "Wewe? Ma Tabia! Kumbe mimi najiuliza hiki kitu imetoka wapi, kumbe ni wewe ulikuwa unakipatia chakula!"

"Na wewe chumvi? Ndani ya nyumba yetu sote? Ukaniletea mtu wa kupiga kelele nisipokuwepo?"

"Ningekuambia, ungekasirika!"

"Na mimi ningekuambia, ungenihubiria!"

"Ningekuhubiria, ndiyo! Lakini bwana yako angekuwa kwenu anakula ugali!"

Tabia akaketi chini akalia, Thérèse akaketi kando yake akalia naye, na juu ya vilio vyao, *tek, tek*, bila kukosea. Burhani aliwamenyea chungwa akawapa nusu nusu.

"Dada zangu," akasema, "huyu hana ubaya mkubwa. Ametukanwa tu. Mgeni huwezi kumfunga kwa halua, wala humfukuzi kwa chumvi. Anasindikizwa. Mtakichukua kiti chake nyie wawili, wenyeji, mtoke nacho mchana huu huu mbele ya watu, mpaka kwenye reli kule chini, mmwache pale aendelee na safari. Msigeuke. Msikiweke chini njiani. Na mkishamfikisha, Tabia, nakujua kwenu: mwambie kwaheri, ukomee hapo."

"Na mume wangu?"

Burhani akainamia sikio la Salum akauliza jambo. Ile sauti ikajibu, na wote waliisikia. "Nitamwacha. Nilichokwisha kula sitakitapika."

Wakashika kiti, huyu mkono huu, yule mkono ule. Tabia akasema, "Mgeni wetu, tunakusindikiza," na hapo Salum akateleza kutoka kitini kama nguo inayoanguka kambani, Burhani akamdaka. Kiti kikabaki kitupu. Wakakiinua. Kilikuwa chepesi.

Walipita saluni chepesi. Walitoka Jules Street chepesi, jua la saa sita, magari ya kuuza yamepangwa yanang'aa, mafundi wamelala chini ya matumbo ya magari, na mtu mmoja akapiga mluzi, "Eish, mama, kiti kimelewa, mnakipeleka kwao?" wakacheka wale wa kule. Walipofika kwenye robot, taa ya njia panda, ikiwa nyekundu, wakasimama wamekishika, na hapo ndipo uzito ulipoingia: kwanza kidogo, kama mtoto aliyepakatwa, kisha kama mtu mzima anayejiweka sawa, akaegemea nyuma, akaweka viwiko juu ya mikono ya kiti pale pale vidole vyao viliposhika.

Taa ikawa ya kijani wakavuka, na sasa hapakuwa tena na aliyecheka, kwa sababu watu waliona wanawake wawili wenye nguvu wanabeba kiti kitupu huku mishipa ya shingo imewatoka, na mbwa wa gereji aliyekuwa akibweka kila siku ya Mungu akaingia chini ya gari akanyamaza, na harufu ya nywele zinazoungua ikawa nzito hadi machozi yanawatoka, na Thérèse akanong'ona, "Ma Tabia, anapumua kwa shingo yangu," na Tabia akanong'ona, "Usigeuke," na Thérèse akasema, "Anahesabu nywele zangu, anazigusa moja moja," na Tabia akasema, "Mwache ahesabu, tembea," ingawa yeye mwenyewe alikuwa akihisi kidole kinapita juu ya ukucha wake, taratibu, ukucha hadi ukucha, kama mtu anayetafuta kipande kitaingia wapi, na barabara ya kuteremka relini, ambayo ni mwendo wa kuchemsha chai, ikawa haina mwisho, ukuta na ukuta, nondo na nondo, mpaka miguu yao ikakanyaga kokoto na mbele yao pakawa na vyuma viwili vinavyometameta.

Wakakiweka. Uzito ukaondoka mikononi mwao mara moja, kama mtu aliyenyanyuka. Kokoto zikalia, hatua moja, mbili, tatu, zikienda zao.

Na Tabia, ambaye alilelewa, ambaye tangu akiwa na miaka mitatu hakuna mgeni aliyetoka nyumbani kwao bila kuambiwa, Tabia aliyechoka, aliyeona wepesi, kinywa chake kilisema chenyewe:

"Kwaheri. Karibu tena."

Treni ilikuwa inakuja kwa kelele. Thérèse hakusikia. Tabia alijiambia kelele ya treni imeyameza yale maneno mawili. Ila zile hatua, kabla treni haijazifunika, zilikuwa zimesimama.

Walimkuta Salum ameketi sakafuni anakula chungwa, anauliza leo ni siku gani. Tabia akaishika mikono yake akaibusu, kisha akaigeuza. Vidonda vilikauka baada ya wiki mbili, na chini yake ngozi ikatoka laini, nyeupe nyeupe, haina mstari hata mmoja. Ncha kumi za vidole kama ndani ya ganda la yai.

Miezi ikapita. Ukafika wakati wa Salum kuhuisha karatasi zake za kukaa nchini. Wakaenda wote wawili, wakapanga foleni mpaka mchana. Mashine ya alama za vidole ikamkataa. Dole gumba, ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Vyote kumi. Tabia alianza kuona giza, maana bila karatasi ni kurudishwa. Yule binti wa dirishani akatazama kioo chake, akatabasamu, akasema kwa Kiingereza chake cha haraka, "Baba, mbona unanichosha? Umeshakuja asubuhi. Alama zako hizi hapa, safi kabisa. Ulikaa kiti kile pale." Akagonga muhuri, akaita anayefuata.

Salum alicheka njia nzima, akasema serikali imekosea na heri yetu. Tabia hakucheka.

Mtu akifa huacha mirathi, na biashara yao, iliyokufa siku ile ya reli, vilevile. Maboksi ya picha aliyarithi Jeannine, akayapeleka kwenye nyumba ya wazee. Viti vya plastiki alivirithi mzee Bakiri kwa ajili ya madrasa. Ukumbi Thérèse aliufanya stoo ya nywele, na meza haitazami. Lakini Jumatatu mpaka leo anakuja kwa Tabia na kila kitu wanaambiana, cha dini hii na cha dini ile, hata kiwe cha kuudhi. Salum alirithi vidole vyake laini. Yule mgeni alirithi mistari ya vidole vile, na Mungu ndiye ajuaye anaipitisha milango gani ya mji ule.

Na Tabia alirithi sahani ya unga. Iko nyuma ya mlango wake. Jioni mumewe akirudi akapiga hodi, hata awe na sauti ya Salum, hata awe na koti la Salum, mkewe huipitisha sahani kwenye nondo kabla ya kufungua, naye hubonyeza kidole. Alama ikiwa laini, humfungulia, humpokea mzigo, humwekea chai.

Mara mbili unga umeonyesha mistari. Mara zote mbili Tabia aliirudisha sahani ndani, akasema kwaheri, akakomea hapo.